Majivu Chini ya Injini

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira yangu huwahi zaidi pale ninapohisi huenda mwenye kosa ni mimi. Jumatano ile kaka yangu aliponipigia simu kutoka bwawani na kuniambia boti bado inaingiza maji, sikumwacha amalize.

"Umegonga jiwe," nilimwambia. "Boti niliyokukabidhi mimi ilikuwa kavu."

 Nilisikia upepo kwenye simu yake, na watu wakiitana kwa mbali.

"Inawezekana," akasema mwishowe. "Wiki iliyopita kulikuwa na mawimbi. Labda niligonga sikusikia."

Gereji yangu iko Pasua, na nilikuwa sijawahi kugusa boti mpaka kaka alipoinunua ile ili avushe watu kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Ni boti ya faiba. Injini yake imekaa ndani, sehemu ya nyuma, haina tofauti kubwa na injini ya gari. Nje ya ukuta wa nyuma kuna mguu wa chuma unaoshika propela, na ukizungusha usukani ni mguu huo unaogeuka kushoto au kulia. Pale mguu unapoungana na ukuta kuna mpira mnene wenye mikunjo, na kazi yake ni kuzuia bwawa lisiingie ndani. Nilipouona mara ya kwanza nilicheka. Nilimwambia kaka kitu hiki nakijua, ni ule mpira wa shafti ya magurudumu ya mbele, huu tu umenenepa. Wa zamani ulikuwa umechanika. Akaagiza mpya Dar, nikaufunga mwenyewe, nikajisifu gereji nzima.

Sasa ilikuwa Jumatano, na Jumamosi boti hiyo ilitakiwa kubeba kwaya ya akina mama wa usharika wetu wa Marangu, wanawake kumi na mmoja kwa safari mbili, kwenda kuimba kwenye kanisa dogo la ng'ambo. Mama yetu alikuwa katika safari ya kwanza. Barabara ya kuzunguka ilikuwa imekatwa na mvua. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kuogelea. Sisi watu wa mlimani maji tuliyokua nayo ni ya mfereji, yanafika kwenye kifundo cha mguu na kuendelea na safari yake migombani. Maboya yalikuwepo ya kumtosha kila mtu, lakini mama wa miaka sabini aliyevaa joho la kwaya na boya juu yake, ukimwambia maji yameingia atasimama, na wenzake watasimama naye. Boti ya namna ile watu wakisimama wote upande mmoja, habari imekwisha.

Alhamisi asubuhi kaka aliivuta boti mpaka Pasua juu ya tela. Nilimkuta ameshaanza kazi, amelala chali chini yake, anapapasa tumbo la boti kwa kiganja, shubiri kwa shubiri, akitafuta mkwaruzo wa jiwe. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Hukulala?"

"Nilikuwa nafikiria tu ni siku gani nimegonga."

Ningeweza kusema neno pale. Badala yake nilichukua tochi.

Nilianza na kizibo, kile cha kumwagia maji boti ikiwa nchi kavu. Kilikuwa kimelegea kidogo, nikafurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Nikakizungushia utepe wa mafundi bomba, nikakikaza. Halafu nikamimina maji ndani ya boti, ndoo baada ya ndoo, kwa sababu boti ikiwa juu ya tela panapoingiza maji ndipo patakapoyatoa, na ukikaa chini utaliona tone. Sikujaza sana, niliogopa kulowesha stata. Tulikaa kwenye matairi tukiangalia juu. Hakuna tone. Nikapuliza yale mabomba ya kupoozea injini, nikakaza klipu zake. Kavu.

"Ni kizibo," nikasema. Nilitaka sana kiwe kizibo.

Mchana huohuo tukaishusha bwawani. Tulielea nusu saa bila kuwasha injini, ndani kukabaki kavu, na kaka akatabasamu kwa mara ya kwanza. Tukawasha, tukazunguka, tukarudi. Nilipofunua kifuniko cha injini, maji yalikuwa yanacheza chini yake, safi kabisa, kana kwamba ni wenyeji. Ndoo nzima.

 Kaka alikaa kwenye ukingo wa boti akiangalia mikono yake. Kila mtu niliyekutana naye wiki ile alikuwa ameniambia usipoziba ufa utajenga ukuta, mpaka nikaichukia methali yenyewe. Ufa gani? Nionyesheni nizibe.

Tulikwenda kulala kwa mama, Marangu. Ijumaa alfajiri niliingia jikoni nikamkuta anazoa majivu mafigani, anayatia kwenye kopo kwa ajili ya migomba. Nikasimama kulikodolea macho lile kopo. Marehemu baba alikuwa mtunza mfereji wa ukoo, na mfereji ukianza kuvuja hakukimbilia pale penye tope. Alikuwa akisema maji hayaanzii pale unapoyaona. Alifunga mlango wa juu, akaacha kingo zikauke, akatutuma mimi na kaka tunyunyize majivu makavu kandokando. Kisha alifungua maji kidogo kidogo, na sisi tukatembea tumeinama. Majivu yanapogeuka meusi kwanza, hapo ndipo penye tundu, hata kama tope liko hatua kumi chini yake.

"Mama, nakuomba hilo kopo."

"La nini?"

"La boti."

Alinitazama, akanipa.

Bwawani nilikausha chini ya injini kwa matambara mpaka nikatoka jasho, nikanyunyiza majivu kila mahali, meupe yote. Nikalala kifudifudi, tochi mkononi, nywele nimezifunga kwa kitambaa zisinaswe na mkanda. Kaka akawasha. Kelele ilinijaa mpaka kwenye meno. Nilikuwa naogopa, sifichi. Chini ya tumbo langu kulikuwa na unene wa faiba tu, halafu bwawa.

"Nenda moja kwa moja," nilipiga kelele. Majivu yakabaki meupe.

"Kata kulia." Meupe.

"Kata kushoto."

Mstari mweusi ulitokea kwenye beringi, pale shafti inapopenya ukuta, ukashuka taratibu kama mate ya mtoto aliyelala. Kaka aliponyoosha usukani, mstari ukakoma. Alipokata kushoto tena, ukaja. Nyuma ya beringi ile kuna kitu kimoja tu, nacho ni mpira wangu.

Tuliipandisha kwenye tela, nikageuza mguu kushoto mpaka mwisho na kuingiza kichwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, niliinama, nikakiona. Mdomo wa mpira ulikuwa umeteleza nje ya kikalio chake cha chuma, upande mmoja, upana wa kidole. Mguu ukiwa umenyooka mdomo ulijifunga wenyewe. Ndiyo maana gereji sikuona tone: niliupima ukiwa umenyooka, na maji sikuyafikisha hata kwenye beringi. Na ulikuwa umeteleza kwa sababu ya grisi. Niliipaka mimi, nyingi, ndani na mdomoni, kwa sababu kwenye gari mpira ule hushindiliwa grisi, na mdomo uliopakwa huingia kwa urahisi. Kwenye gari mpira unazuia grisi isitoke. Hapa ulitakiwa kuzuia bwawa lisiingie, na mdomo wake ulitaka ukavu, gundi, na klipu iliyokazwa juu ya ukavu huo. Kosa la fundi wa gari anayedhani dunia nzima ina magurudumu.

"Umeona nini?" kaka akauliza nyuma yangu.

"Mpira umetoka kwenye kikalio."

"Basi jiwe liliupiga," akasema.  "Ningewazamisha akina mama. Ningemzamisha mama."

Nikanyamaza. Nimewahi kufanya mambo ya aibu maishani, lakini nikiulizwa baya ni lipi, ni ule ukimya, kichwa changu kikiwa kimefichwa nyuma ya propela. Niliufungua mpira, nikasafisha grisi yote kwa petroli, nikasugua chuma mpaka kikang'aa, nikapaka gundi, nikafunga klipu mbili. Gundi ilihitaji kukauka mpaka asubuhi.

Njiani kurudi, tulipofika Himo, kaka akasema kesho atamtafuta mtu mwingine ashike usukani. Mtu asiyesikia boti yake ikigonga jiwe, alisema, hastahili kubeba mama za watu. Na mtu pekee aliyepatikana pale bwawani nilimjua: hajawahi kuiendesha boti ile hata siku moja.

Jumamosi kabla jua halijachomoza nilikwenda kwenye ua wa masale, mimea ile ya majani marefu, unaozunguka kihamba chetu, shamba la ukoo, nikakata isale moja kwa kisu. Kwetu ukimletea mtu isale umekiri kosa, na aliyeletewa hakatai. Sikuwa nimewahi kulibeba. Nilimkuta kaka anafunga viatu.

"Hakukuwa na jiwe," nilimwambia, nikampa. "Ni grisi yangu. Nilijua tangu jana."

Alilishika kwa mikono miwili. Niliona hasira ikimpanda mpaka shingoni, kisha ikashuka. Anafanana na baba akifanya hivyo.

"Siku tatu nimejiona muuaji," alisema.

"Najua. Nisamehe, kaka."

"Na mpira?"

"Umekauka na gundi yake. Nitanyunyiza majivu, nikae juu yake mpaka ng'ambo."

"Utakaa," akasema. Akaondoka na isale lake mkononi.

Akina mama sita walipanda wakiwa kimya, wameshikana mikono. Isale lilikuwa limefungwa kwenye usukani. Nilikaa nyuma, kifuniko kimefunuliwa, na walipoanza kuimba sikusikia hata ubeti mmoja. Nilikuwa natazama majivu. Gati la ng'ambo liko upande wa kushoto, na kaka alipoanza kukata kona nilijikuta nimeshika tochi kwa mikono yote miwili. Alikata mpaka mwisho. Majivu yakabaki meupe. Hapo nikalia, na waliokaa karibu nami wakadhani ni wimbo.

Mama alikuwa wa mwisho kushuka. Nilimpa mkono, naye akaushikilia.

"Asubuhi niliona isale limekatwa," alisema kwa sauti ya chini. "Lilikuwa bado linatoa utomvu. Nikajua mmoja wenu amemkosea mwenzake, na kwamba ni jambo la boti hii."

"Na bado ukapanda?"

"Nilipoliona kwenye usukani, nikajua limepokelewa. Ndipo nikapanda."

"Na kama usingeliona?"

Alirekebisha joho lake.

"Ningekaa chini kule ufukweni," akasema, "na wenzangu wote wangekaa nami."

Kaka aliniita, safari ya pili ilikuwa inasubiri. Nikarudi botini nikaongeza majivu.