Rangi ya Kupokelea Wakwe

Mimi ni mama wa mtaa wa Mangobo, hapa Kisangani. Kabla ya kuugua nilikuwa nauza vitenge sokoni, naenda na kurudi kwa miguu, na kanisani sauti yangu ilikuwa inafika mpaka barabarani. Leo wimbo mmoja siumalizi. Lakini napumua, ndiyo maana nimesimama mbele yenu kutoa ushuhuda.

Ilianza tulipopata habari kwamba wakwe wa binti yetu Ruth wanakuja kwa mashua kutoka Basoko kuleta vitu vya ndoa. Mnajua kwetu, bokilo, yaani wakwe, hawapokelewi katika salon iliyochakaa. Papa Ruth, mume wangu, akapaka kuta za sebule hiyo rangi ya mafuta, akabandika zulia kwa gundi, na mbao za dari akazilowesha oili chafu ya gari iliyochanganywa na dawa ya mchwa. Kisha akafunga madirisha.

"Usifungue," akaniambia. "Bokilo bakiingia, basikie harufu ya nyumba mupya."

Humo ndimo nilimoshonea mapazia. Macho yakawasha, kichwa kikagonga, kikaja kikohozi cha makohozi mazito. Kabla mapazia hayajaisha, kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Nililala nimekaa, na nikikohoa mkojo unanitoka. Sioni haya kulisema.

Wifi yangu akasema kuna mtu ana wivu na ndoa ya Ruth, ameniloga. Wakaita watu wa maombi. Nao wakanilaza wapi? Katika salon ile ile, kwa heshima, maana ndicho chumba kizuri. Mlango wakafunga. Waliomba kwa nguvu, mimi nakata roho mbele yao. Ruth ndiye aliyenitoa, akanipandisha pikipiki, akanishikilia kwa nyuma mpaka hospitali.

Kule nilipona. Kurudi nyumbani tu, nikaanguka tena, mume wangu akanirudisha hospitali. Safari hii daktari aliniuliza nyumbani kuna kitu gani kipya. Nikamweleza yote.

"Mama, hakuna mulozi," akasema. "Ile harufu njo inakuuwa. Usiingie tena mule mupaka batoe ile vitu yote."

Mume wangu akamjibu, "Bon, docteur, kwanza bokilo bapite."

Wakapita. Siku hiyo nilikaa uani kwenye kiti cha plastiki, kitambaa puani. Ndani, Papa Ruth akamwuliza binti yangu mbele ya watu wote kama vitu hivyo tuvipokee. Mtoto akiulizwa hivyo humtazama mama yake kwanza. Sijui alimtazama nani. Nilisikia vigelegele tu.

Zulia lilitolewa baadaye sana, Papa Ruth mwenyewe alipoanza kukohoa. Kikohozi changu hakikutosha. Sasa kuta zetu ni chokaa, chini ni saruji na mikeka, dari ni mbao mpya zisizopakwa kitu, na mchwa tunapambana nao kwa kuzikagua.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na Ruth kuliko wote. Ninyi mnaotengeneza nyumba kwa ajili ya wageni, mgeni atakula aondoke, atakayebaki na ile harufu ni wewe. Rangi ikinuka, usilale humo. Fungua dirisha. Mume akikataa, fungua. Akisema bokilo watacheka, waache wacheke. Mimi nilitii, na siku mtoto wangu anatolewa nilikuwa nje, kama jirani ambaye hakualikwa.