Unga wa Kuvuta kwa Mdomo

Homa ya mafua ilimkamata baba mdogo miaka ile ambayo kijiji chetu kizima cha Matongo kilikuwa kimeacha jembe na kufuata dhahabu. Daktari wa mjini alimpa dawa ya unga ya kuvuta kwa mdomo, akasisitiza aianze siku hiyohiyo. Mimi, msomi wa ukoo, nilikabidhiwa karatasi ya maelezo. Nikasimama nayo uani kama mhubiri.

"Usivute kwa pua," nilisema, maana tayari alikuwa amekisogeza puani kile kidubwasha cha plastiki cha kuvutia dawa.

"Ugoro nilianza kunusa kabla hujazaliwa."

"Huu si ugoro, baba. Weka mdomoni, vuta kwa nguvu, kisha zuia pumzi."

Mwenzake wa shimo la dhahabu, aliyekuja kumpa pole, akacheka hadi uji ukamwagika. Baba mdogo akatoboa kifuko cha unga. Nami, kwa kupenda sauti yangu, nikaendelea kusoma: mwenye pumu au ugonjwa wa mapafu amweleze daktari kwanza, maana dawa hii inaweza kumbana pumzi.

Mama mdogo akaacha kupepeta. "Rudia hapo."

"Asome mengine," baba mdogo akasema.

"Daktari hakukuuliza habari ya kifua?"

"Aliuliza."

"Ukasema?"

Alimtazama mwenzake, nasi tukaelewa. Shimoni, mtu akijulikana kuwa kifua chake kimeharibiwa na vumbi la mawe, wenzake humtoa kwenye zamu. Hakuna anayetaka kushuka na mtu atakayemzimikia huko chini. Na mwenzake huyo ndiye aliyempeleka hospitali, akaketi naye mbele ya daktari.

Baba mdogo akakipeleka kidubwasha mdomoni. Alipotoa pumzi kujiandaa, sote tulisikia filimbi nyembamba mbavuni. Nikaikunja karatasi ya maelezo.

"Kifua chake kinapiga mluzi tangu masika," mama mdogo akasema, kwa sauti ya kuvuka ua. "Analala ameketi."

Baba mdogo akakishusha. Jasho lilimtiririka. "Sasa mtakula mawe."

"Tutakula mihogo," mama mdogo akasema. "Nitalima."

Mwenzake akaweka kikombe chini, akatoka bila kuaga. Nilidhani amekwenda kuwaambia wa zamu. Kumbe alikuwa anaita bodaboda. Alirudi, akamshika baba mdogo kwapani, akampandisha, kisha akapanda nyuma yake kumshikilia.

"Turudi kwa daktari, ukaseme kweli."

"Na zamu yangu?"

"Shika vizuri, mzee," mwenzake akamwambia, akilikwepa swali kwa kumtazama dereva.