Refa wa Jezi ya Kijivu

Mtaani wanamwita Mama Filimbi, na jina hilo alilipata kabla hajazaa. Siku za kazi anauza vipuri vya pikipiki. Jumamosi anavaa kaptula, soksi ndefu na sura isiyotaka utani, kisha anawachezesha wanaume wazima wanaojifanya hawamwogopi. Kuna beki mmoja aliwahi kumwambia arudi jikoni. Siku hiyo aliyerudi ni beki mwenyewe, tena bafuni, na kadi nyekundu, mapema kuliko wenzake wote.

Kisha akazaa mtoto wa kike, mnono, mwenye sauti ya king'ora. Mtoto alipofikisha miezi minne, chama cha waamuzi kikamwita achezeshe mechi ya Gereji na Soko, kamishna akiwa jukwaani kumtazama. Akifanya vizuri, anarudishiwa msimu mzima. Akiboronga, apumzike alee mtoto, na sote tunajua "pumzika" ya wakubwa haina siku ya kuisha.

Mama mkwe wake hakufurahi hata kidogo.

"Mwanamke ananyonyesha, halafu akimbizane na wanaume uwanjani? Maziwa yatachacha hayo."

"Hayachachi, mama."

"Wewe umesomea maziwa?"

Lakini aliposikia wanaocheza ni Gereji, alijitolea mwenyewe kumbeba mjukuu. Mume wake, marehemu, alikuwa kipa wa Gereji enzi zake, na bibi huyu anaipenda timu ile kuliko alivyowahi kumpenda marehemu. Hilo analisema mwenyewe bila kuulizwa.

Sasa, shida ya Mama Filimbi haikuwa mbio. Mbio anazo. Shida ilikuwa maziwa: mengi, na hayana adabu. Mtoto wa jirani akilia, yanatoka. Paka akilia, yanatoka. Juzi mteja alijaribu honi mpya pale dukani, yakatoka, na mteja akasahau alichofuata. Mkunga wa kliniki alimpa ujanja. "Ukisikia yanakuja, kunja mikono kifuani ubane kwa nguvu, yatatulia. Na uweke vitambaa ndani, mwanangu, usione haya. Sote tumepita humo." Basi akakunja vitambaa viwili vya pamba, akavipanga ndani ya sidiria, akaazimia kuvaa jezi nyeusi, maana nyeusi inajua kutunza siri.

Alipofika uwanjani akawakuta Gereji wamevaa nyeusi. Refa hafanani na timu, na sheria ni sheria. Jezi iliyobaki kwenye mfuko wa waamuzi ilikuwa ya kijivu. Aliyewahi kuvaa kijivu anaujua umbea wake: tone moja la maji linaonekana hadi ng'ambo ya barabara. Aliivaa huku amenuna.

Kipindi cha kwanza kilikwenda salama, isipokuwa jambo moja. Akikimbilia kona, kitambaa cha kushoto kilichomoka, kikateremka tumboni, kikatokea chini ya jezi na kudondoka kwenye nyasi. Kipa wa Soko, mtu mstaarabu mwenye jasho jingi, alikiokota. Akajifuta uso, akajifuta shingo, akamalizia na makwapa, kisha akakirudisha kwa mikono miwili.

"Asante, refa. Tena umekilowesha kabisa. Una moyo mzuri."

Mama Filimbi alikitia mfukoni kimya kimya. Baada ya makwapa yale kitambaa hakikuweza kurudi kilikotoka.

Wakati wa mapumziko alikimbia nyuma ya goli, alikokaa mama mkwe, ili anyonyeshe.

"Amelala," bibi akasema, akimfunika mtoto hadi puani.

"Mama, kifua kinataka kupasuka."

"Mtoto aliyelala haamshwi. Nenda kachezeshe. Na yule namba saba wa Soko mwangalie vizuri, anajiangusha yule."

Timu zilibadilishana magoli, na sasa kipa wa Gereji alikuwa hatua chache tu mbele ya bibi. Matokeo yalikuwa bao moja kwa moja. Mtoto aliamka, kama ilivyotarajiwa, mara tu mama yake alipopuliza filimbi ya kuanza. Bibi akampa fungu la funguo achezee, naye mtoto akatulia. Soko waliposhambulia, bibi kwa wasiwasi wake akazikamata funguo na kuziminya mkononi. Mtoto akapasua anga. Huko kati Mama Filimbi akasikia vijisindano vinapita kifuani, akakunja mikono upesi, akabana, akakimbia hivyo hivyo kama mtu aliyekumbatia kuku asiponyoke. Mpira ukatoka nje, akaonyesha kwa kidevu.

Bibi ni mtu mzima, na ya dunia anayajua. Aliona kitu kimoja: mkwe wake akikunja mikono, hanyooshi kidole popote. Kuanzia hapo, kila Soko waliposogea, funguo zilipotea. Walipopokonywa mpira, funguo zilirudi. Mtoto akawa kama redio, anawashwa na kuzimwa. Mara ya tatu Mama Filimbi alimwona kwa macho yake, bibi amezikalia funguo, macho juu mawinguni, kama vile kilio kile kinatoka nyumba ya jirani. Alitaka kucheka, akataka kumtoa nje ya uwanja. Hakupata nafasi ya lolote, maana namba saba alikuwa ameshaingia kwenye boksi.

Nahodha wa Gereji, fundi wa kuchomelea, pande la mtu, akamfyeka miguu yote miwili. Namba saba, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakujiangusha. Aliangushwa.

Filimbi iko mdomoni, haihitaji mkono. Akapuliza. Wote wakasimama, na katika ule ukimya mtoto akalia kilio cha njaa ya kweli. Maziwa yakaja pande zote mbili, na kitambaa kilichobaki kikazidiwa. Mikono ilikuwa imeshajikunja yenyewe.

Penalti haionyeshwi kwa kidevu. Lazima mkono unyooshwe, ubaki pale, kila mtu auone. Kamishna alikuwa amesimama. Mama Filimbi angeweza kusema namba saba amejiangusha. Nusu ya uwanja ingemshangilia, mikono ingebaki ilipo, na kesho angeenda dukani kwa amani. Aliona aibu, tusidanganyane. Masikio yaliwaka moto. Lakini alijua pia kwamba akilimeza hili leo, filimbi hairudi tena mdomoni mwake, hata wakimpa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, naye alikuwa ameshazaa.

Akanyoosha mkono.

Kijivu haikumsitiri. Mabaka mawili, makubwa, yanaendelea kukua. Gereji walikuwa wameshafyatuka kumzonga, kama ilivyo desturi, nahodha mbele, mdomo wazi, kidole juu. Alipomkaribia akaona, akafunga breki. Wa nyuma yake wakamgonga mgongoni. Jitu lile likatazama mbingu, likatazama nyasi, likatazama viatu vyake. Ni vigumu kumtukana mtu usiyeweza kumtazama.

"Samahani, mama…"

"Mama wa nani? Unapinga?"

"Hapana, ma… refa."

"Basi toka kwenye boksi."

"Refa, mtoto analia!" mtu akapaza sauti kutoka jukwaani.

"Namsikia!" akajibu Mama Filimbi, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Alicheka na yeye, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Penalti ikapigwa, ikaingia. Naye, kabla mpira haujarudishwa kati, akatembea taratibu hadi nyuma ya goli, akasimama mbele ya mama mkwe wake, akachomoa kadi ya njano na kuiinua juu. Wanawake wote waliokuwa uwanjani walisimama kushangilia.

Mechi ilipokwisha, kamishna alimfuata benchi akiongea na mti uliokuwa upande wa pili.

"Penalti ilikuwa sahihi. Shabiki hapewi kadi, unajua?"

"Najua, bwana."

"Vizuri, maana mimi sikuona kitu. Msimu ni wako."

Bibi alikuja wa mwisho, amevimba. Akamkabidhi mtoto, akakaa mwisho wa benchi, akamwacha anyonye. Mtoto alinyonya kwa hasira, akipumua kwa nguvu puani, na Mama Filimbi akafumba macho kwa raha.

"Ilikuwa penalti," bibi akasema mwishowe.

"Asante, mama."

"Jumamosi nitakushikia tena mtoto. Ila uchezeshe mechi ambayo Gereji hawapo. Mimi najijua."