Mama Mkwe Aliyechorwa Bila Miguu

Jambo hili lilinitokea mimi mwenyewe, hapa Matinyani, Kitui, miaka ya sabini. Ukitaka kubisha, bisha ukishamaliza kusoma. Haikuwa ndoto. Haikuwa hata usiku. Jua lilikuwa kali mpaka kuku wamejificha chini ya ghala.

Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, msichana. Kwetu Wakamba, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Nani hajui? Lakini mama mkwe wangu Syombua, aliyekuwa amekufa miaka miwili nyuma, alinichoma sana enzi zake na ule ulimi wake. Alisema muthokoi wangu, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, unafaa kuku! Basi siku ya tatu, siku ya kutoa jina, nikafanya roho ngumu, nikamwita mtoto Nduku, jina la mama yangu. Mume wangu Mutua alichukua jembe akaenda shamba. Mpole sana yule.

Kesho yake mtoto akakataa titi. Siku mbili tukimdondoshea maji kwa kijiko. Dispensari wakasema hana homa. Alikuwa anakauka mikononi mwangu, niamini.

Asubuhi ya siku hiyo ya pili akaja Mzungu, mchoraji wa kutoka Uingereza, anayezunguka nchi za watu na mkebe wa rangi za maji na karatasi nene. Kitui alikuwa na wiki moja tu. Mutua akamruhusu achore boma letu. Mimi nilikaa mlangoni na mtoto, sina nguvu hata ya kumfukuza.

Saa nane akanigeuzia karatasi nione. Uuui! Ghala letu lilikuwa pale, la zambarau, sijui zambarau aliiona wapi. Mimi nilikuwa pale na mtoto. Na kando yangu, mwanamke mzee: meno ya juu yamechongwa, sikio la kushoto limepasuka pale mbuzi alipovuta hereni. Syombua! Mtu ambaye hakupigwa picha hata moja maishani. Na kiganja chake kilikuwa kimefunika mdomo wa mtoto wangu.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Huyu mama nakaa hapa tangu asubuhi," akasema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea. "Yeye nacheka mimi. Nacheka kofia yangu."

Mutua akaangalia, akaketi chini puu.

"Huyo ni mama," akasema. "Umeona sasa? Mpe mtoto jina lake!"

Wewe ungefanya nini? Nikameza kiburi, nikageukia kando yangu pasipo na mtu. "Haya mama, umeshinda. Mtoto ni Syombua. Toa mkono."

Mtoto akapiga chafya, akashika titi, akanyonya mpaka likaniuma. Mutua alicheka huku analia. Mzungu naye, brashi mkononi, akaanza kuzunguka nyumba: "Mama kwenda wapi? Mimi bado chora miguu!"

Picha alituachia. Iko kwa binti yangu Syombua, ambaye sasa ana watoto wake, na yule mama mkwe amekaa hapo hana miguu mpaka leo. Mchungaji aliniambia niichome. Nikamwambia kiberiti ndicho hiki, achome yeye. Hakukigusa.

Na wewe msichana unayesoma hapa na tumbo liko mbele yako: mtoto akikataa titi, usikimbilie kulaumu maziwa. Jiulize kwanza ni nani ulimnyima jina, umwite haraka, hata kama alikuwa anakutukana.