Kitambaa Kilichopungua Vichanjani

Ukifika Gongo la Mboto ukauliza fundi anayeshona kanzu isiyobana kwapani, utaelekezwa kwa Mashaka. Watakuelekeza vizuri mpaka kwenye kibaraza chake chenye cherehani ya miguu. Halafu yule yule aliyekuelekeza atakwambia, "Ila kaa hapo hapo mpaka amalize." Ndivyo watu walivyomfanyia Mashaka miaka yote. Kitambaa anapewa, mkono wake unasifiwa, lakini mwenye kitambaa anavuta kigoda anakaa, macho kwenye mkasi, kama anayemlinda paka jikoni.

Mie Mwamvita binti Shomari, nimezaliwa vita ya pili ya Wazungu, ndio jina hilo. Mashaka namjua tangu hana mvi hata moja. Yaliyomkuta sikuhadithiwa.

Enzi za Mwingereza, hapo Kipawa, ng'ambo ya uwanja wa ndege, serikali ilikuwa na kiwanja kimezungushiwa seng'enge. Ndani mna vichanja safu nne, vimeinamishwa vitazame jua. Sie tukapaita Vichanjani. Juu ya vichanja vile hawakuanika vyombo wala samaki. Walianika vitambaa vigumu vya kufunikia mabawa ya ndege, vimepakwa dawa inayonuka kama rangi ya kucha. Na vipande vya mbao zilizogundishwa, na mabati yenye rangi. Vimewekwa pale vioze. Walitaka kujua jua letu na chumvi ya bahari vinaila ndege kwa muda gani, ili mainjinia wao huko Ulaya watengeneze ndege isiyochanika angani na watu ndani. Mzungu mkubwa wa pale tulimwita Bwana Juani.

Pembeni palikuwa na sahani moja pana juu ya mguu wa chuma, imetandikwa karatasi ya gundi. Hiyo kazi yake kunasa vumbi la mbinguni. Miaka ile wakubwa wa dunia walikuwa wakilipua mabomu ya atomiki huko mbali, na wengine wanajenga majumba ya kuwashia moto huo huo wapate umeme. Sasa vumbi lake likipanda, upepo unalipeleka wapi? Linamwangukia nani? Ndio walitaka wajue, wasije wakajenga majumba yale pabaya. Kila wiki karatasi inabanduliwa, inatiwa kwenye bahasha, inapanda ndege kwenda Uingereza.

Haya alinieleza Mashaka mwenyewe uzeeni, maana yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa pale. Kijana mwembamba wa Rufiji, anajua kusoma, anapima mvua, anabandua karatasi, anafukuza mbuzi. "Kazi yangu ilikuwa kutazama vitu vikiharibika," ananiambiaga, "na nisivisaidie."

Kwa mtu wa kwetu hiyo si kazi nyepesi.

Nyumba ya baba yangu ilitazamana na ile seng'enge. Nilipovunja ungo nikawekwa ndani, ndio desturi yetu Wazaramo. Mwali hapigwi na jua, haonwi na mwanamume. Nilikaa miezi saba. Ukutani palikuwa na ufa, udongo umepasuka upana wa kidole, na ufa ule ndio ukawa dunia yangu. Kupitia hapo naona vitambaa, na kijana wa Rufiji akipita katikati na daftari lake.

Sasa mwanamke yeyote aliyelelewa, mvua ikija na nguo ziko kambani, anaanua. Hata za jirani mliyegombana naye unaanua kwanza, ugomvi mtauendeleza ardhi ikikauka. Mie naona mvua inavipiga vile vitambaa, na yule kijana amesimama mlangoni mwa kibanda chake anatazama tu. Mvua ya kwanza nikasema mvivu. Ya pili nikasema ana wazimu. Ya tatu roho ikaniuma, nikasema maskini, huyu hakupata mama wa kumfundisha.

Ijumaa moja baba kaenda msikitini, na Mashaka naye kaenda, ruhusa anayo. Mama yuko msibani. Bibi aliyewekwa kunilinda kasinzia mdomo wazi. Wingu likafunga jeusi tii upande wa Pugu.

Nikatoka. Mwali, mchana kweupe!

Nikapenya chini ya seng'enge nikaanua vitambaa vyote, safu nne. Nikavipeleka kibandani kwake, nikavikunja kwa nne kama kanga, nikavipanga vizuri juu ya kitanda. Nilipogeuka nikaona ile sahani, karatasi yake imejaa vumbi na mabawa ya kumbikumbi. Nikasema uchafu gani huu, na wao wasomi! Nikaibandua nikaitupa, nikaifuta sahani kwa pembe ya kanga mpaka ikang'aa. Kama huko Uingereza waliandika kwamba wiki ile mbingu ya Dar es Salaam haikudondosha vumbi la atomiki hata punje, wajue ni kanga yangu.

Mvua ikanikuta hapo. Nikachukua kitambaa kimoja nikajifunika gubigubi, mtu asione kuwa ni mwali, nikakimbia nyumbani. Nilikusudia kukirudisha. Wallahi nilikusudia.

Kumbe vitambaa vyenyewe havikuwa na namba. Namba zilikuwa kwenye vichanja. Kimoja kina mwezi juani, kingine mwaka, kingine miaka miwili, na nilivyoviweka pamoja hakuna tena wa kujua kwa hakika kipi ni kipi. Na pale nilipokunja, dawa ikakatika mistari mistari. Nikamwona Bwana Juani kupitia ufa wangu, amekaa kwenye tope na kaptura yake nyeupe, ameshika kichwa. Mashaka amesimama mbele yake anaulizwa maswali. Mdomo wake ulifunguka kwa neno moja tu, mara nyingi. Sikulisikia, lakini nililiona. Sijui. Sijui. Sijui.

Vikahesabiwa, kimoja kimepungua. Basi, mwizi. Jumatatu akafukuzwa na barua yake mkononi. Mpishi wa Bwana Juani, baba yake huyu Jabiri wa hapa mtaani, hata jioni haikufika alikuwa keshaitangaza nyumba kwa nyumba.

Na mie ningesema nini? Kwamba mwali wa Shomari alitoka mchana akaingia chumbani kwa kijana akamkunjia vitu juu ya kitanda? Baba asingeinua uso tena. Nikanyamaza, kitambaa nikakificha chini ya godoro. Nikatolewa kwa ngoma ya siku tatu, nikasifiwa mwali aliyetunzika. Nikaolewa Temeke. Baadaye nikawa kungwi mwenyewe, na wasichana wangapi nimewaambia, "Mie Mwamvita sikuchungulia hata mlango." Uongo ukishauimba ukapigiwa ngoma, kuurudisha si mchezo.

Mashaka hakuajiriwa tena na serikali yoyote, si ya Mwingereza wala ya kwetu. Alijifunza cherehani Kariakoo, akahamia huku, akaoa, akasomesha watoto wanne, akamzika mke. Hakunywa, hakupigana, hakumdai mtu maneno. Mume wangu alipofariki nikaja kukaa kwa mwanangu hapa Gongo la Mboto, na mtu wa kwanza kumwona barabarani ni yeye, ameinama kwenye cherehani, na mama mmoja amekaa pembeni anamlinda. Nilishindwa hata kumsalimia siku ile.

Mwaka huu akafariki mtu aliyekuwa anatunza sanda mtaani kwetu. Tuna sanduku pale msikitini, ndani mna majora ya bafta, kwa ajili ya anayekufa hana kitu. Anayekata sanda ni Mashaka, mwaka wa ishirini sasa. Lakini ufunguo hakupewa hata siku moja. Mtunzaji anafungua, anampimia, anasimama juu yake mpaka mkasi utulie. Safari hii Mashaka akasema, kwa sauti ndogo, "Nipeni mie ufunguo. Kabla sijavishwa bafta hiyo mwenyewe, nataka niaminiwe nayo."

Kikaitishwa kikao baada ya sala ya alasiri, pale barazani msikitini. Wanaume mbele, sie wanawake nyuma kwenye mkeka. Nilikuwa nimesikia Jabiri atapinga. Kitambaa nilikuwa nacho, nimekibana kwapani ndani ya kanga. Sikuwa na hakika kama nitakitoa. Kweli kabisa, nilipokaa nilikuwa bado naona si lazima.

Mwenyekiti wetu Twaha akafungua kwa dua. Jabiri akasimama.

"Wazee wangu shikamooni. Mzee Mashaka ni baba yetu, hilo halina ishu. Lakini jamani tusidanganyane. Mtu kafukuzwa kazi kwa vitambaa, leo tumkabidhi sanduku la vitambaa? Si ndio kumpa fisi bucha?"

Watu wakacheka. Mashaka hakuinua kichwa. Alikuwa anachomoa uzi uliojitokeza kwenye mkono wa kanzu yake, pole pole, kama hayupo.

Nilivumilia mpaka pale. Vidole vile vikichomoa uzi ndivyo vilivyoninyanyua.

"We Jabiri," nikasema. "Hiyo kanzu uliyovaa kashona nani?"

"Mzee Mashaka, bibi."

"Kitambaa kilipungua?"

"Hakikupungua. Nilikaa naye."

Kicheko tena. Twaha akainua mkono. "Bi Mwamvita, kina mama mtasema mwisho."

"Mwisho wangu uko karibu, Twaha. Nitasema sasa."

Nikapita katikati ya wanaume, nikakitoa, nikakitandika miguuni kwa Mashaka. Kigumu vile vile, rangi ya fedha, dawa imekatika pale nilipokunja. "Hiki ndicho kilichopungua Vichanjani," nikasema. "Nilikichukua mie. Vyote nilianua mie, nilidhani nasaidia. Mashaka hakuiba hata uzi."

Nyuma kwenye mkeka akasikika Raudha, niliyemcheza unyago mwenyewe, sasa ana wajukuu: "Somo! Si ulituambia hukuchungulia hata mlango?"

"Niliwadanganya. Nilichungulia, nikatoka, nikapenya seng'enge."

"Uwii! Na fimbo ulizotupiga?"

"Zile mlistahili," nikamjibu.

Mashaka alikuwa amekiokota. Akakinusa. Akakikwaruza kwa ukucha, akakielekeza kwenye mwanga, kama walivyomfundisha ujanani.

"Safu ya tatu," akasema. "Kilikuwa kipya, hakina hata mwezi." Halafu akanitazama. "Nilijua ni mwanamke. Mwizi hakunji. Na tangu uhamie huku nikawa nakushuku wewe. Mtaa mzima huja na kitambaa wakakaa. Wewe peke yako uliniachiaga ukaenda zako. Nikasema huyu ama ananipenda, ama ana lake jambo."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa. Si nakujua?"

Ningekataa.

Nilidhani yamekwisha, maana watu walishaanza kutabasamu. Yeye hakutabasamu. "Marehemu mke wangu aliwahi kuniuliza kama ni kweli," akasema. "Mara moja tu, tukila. Nikamwambia si kweli. Akasema sawa. Lakini aliuliza, Mwamvita. Yeye kuuliza tu."

Nina miaka themanini na ushee, nimelea watoto sita, na sijapata kumwangukia mtu. Nikapiga magoti pale mbele ya Jabiri na wote. "Nisamehe, Mashaka."

Nilisikia magoti yangu yanauma, nikasema acha yaume.

"Inuka," akasema mwisho. "Nimekusamehe. Mtu alinionea huruma mvua ikija, nikapoteza kazi. Sitamchukia kwa huruma. Kwa kunyamaza nilikuwa namchukia, lakini nimechoka." Halafu akanigonga begani kwa kile kitambaa. "Ila siku nyingine ukianua, usikunje kitu chenye dawa."

Twaha hakumuuliza mtu tena. Alitoa ufunguo mfukoni akauweka kwenye kiganja cha Mashaka, akakifumba kwa mikono yake miwili. Jabiri aliondoka bila kuaga.

Siku ya tatu nilikuwa kibarazani kwa Mashaka, naleta kanga zipindwe. Jabiri akaja na kitambaa cha suruali. Akasalimia, akakiweka mezani, na mkono wake, kwa mazoea, ukavuta kigoda.

Mashaka hakuacha kukanyaga cherehani. "Nenda," akasema. "Ukirudi utakuta tayari."

Jabiri alisimama ameshika kigoda, hajui akifanye nini. Akakirudisha ukutani. Akatembea mpaka kwenye kona, pale akageuka kuangalia mara moja. Mashaka alikuwa hajakigusa kitambaa chake bado. Jabiri akaona, akaona haya, akaenda zake.