Tarehe ya Kufa ya Eikichi

Tomie Kuwabara alinyang'anywa tarehe ya kufa ya mumewe. Waliomnyang'anya ni wakubwa wa jeshi la majini la Japani.

Mumewe, Eikichi, alikuwa mwendesha redio kwenye ndege ya kubeba topido, yaani bomu la kuzamishia meli, iliyoruka kutoka juu ya manowari. Mwishoni mwa mwaka 1942 lililetwa sanduku jeupe. Ndani hamkuwa na jivu wala mfupa, ila karatasi. Tomie hakujua kusoma, akasomewa: amekufa tarehe tano, mwezi wa sita. Kasisi wa hekalu akaichonga kwenye kibao cha marehemu, na kila mwaka siku hiyo kibao kikawekewa wali, ili marehemu ale.

Vita vilipokwisha akaja Moriguchi, fundi aliyekuwa akifunga topido chini ya ndege ile. Alipopewa viazi vitamu akacheka.

"Shemeji, viazi vyenyewe ndivyo hivi! Siku ya mwisho nakaza topido, Eikichi ananitania: 'Mke wangu saa hizi anachimba viazi, mimi nabebeshwa chuma.' Akaruka, hakurudi."

Tomie akahesabu miezi. Viazi huchimbwa mwezi wa kumi.

"Si alikufa mwezi wa sita?"

"Mwezi wa sita ilizama meli yetu ya kwanza. Tuliookolewa tulifichwa ili watu wasijue tumeshindwa, marufuku kuandika barua, kisha tukapewa meli nyingine. Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa kumi, shemeji. Siku yenyewe siikumbuki."

Mama mkwe, Bibi Hatsu, akafoka. "Mlevi huyu! Nimempikia mwanangu miaka yote hii. Ina maana alikuwa anashinda na njaa?"

Kesho yake Tomie akaenda ofisi ya kumbukumbu za askari waliokufa. Karani akafunua daftari.

"Mama, wa meli ile ya kwanza wote wameandikwa wamekufa siku moja."

"Hata waliotoka majini hai?"

"Humu hakuna aliyetoka hai."

"Moriguchi fundi yumo?"

Karani akashusha kidole. "Yumo. Marehemu."

"Jana kala viazi vyangu vitatu!"

Karani akakohoa, akafunga daftari.

Bila karatasi mpya, kasisi hachongi upya. Basi Tomie hupika wali mwezi wa sita kumridhisha mkwewe, halafu siku kumi za mwisho za mwezi wa kumi hupika kila siku, asijue ni ipi inayomfikia Eikichi. Wakubwa waliotia sahihi karatasi ile bado wanadaiwa na Tomie: tarehe moja tu.