Wa Tatu Kutoka Kushoto

Saa tatu asubuhi, Euphrasia Ndunguru anasukuma kwa bega mlango mzito wa boma, anawasha taa za ukumbini, kisha anaketi karibu na daftari la wageni. Kelele za Kariakoo zinasikika kwa mbali. Humu ndani ni kimya.

"Kuna siku inafika saa saba sijafungua mdomo," anasema. "Nikija kumsalimia mgeni, sauti inatoka ikikwaruza."

Jengo hili la mawe lilikuwa kambi ya askari wa Mjerumani, kisha wa Mwingereza. Sasa ni makumbusho ya historia. Euphrasia, 59, mjane kutoka Mbinga, ameongoza wageni hapa kwa miaka ishirini na miwili. Shule zikifungwa, hupokea watu wanne kwa wiki. Akirudi chumbani kwake Ilala, huwasha redio kabla hajavua viatu.

Jumanne moja mwaka jana, bibi wa miaka 81 aliingia kujikinga na mvua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niache nipumzike kidogo."

Hakupumzika. Alisimama mbele ya picha ya askari kumi na wawili waliokuwa wakienda vita vya Burma. Chini yake pameandikwa: *Majina hayajulikani.* Akamwekea kidole wa tatu kutoka kushoto.

"Huyu baba yangu, Abdulkadiri Kitwana. Mama alikuwa na picha hii hii sandukuni, mafuriko yakaiharibu. Mimi nilikuwa mchanga alipoondoka. Hakurudi."

Tangu hapo bibi huyo, Bi Sitara, alikuja kila Jumanne. Euphrasia alimsogezea kiti, wakanywa chai kwa vitumbua.

"Alikuwa anampa baba yake habari za nyumbani, nani kaoa, nani kajifungua. Mimi natoka nje, nawaacha."

Euphrasia aliwaomba wakubwa wake jina liandikwe. Wakataka ushahidi. Siku zake za mapumziko akazunguka Ilala mpaka akawapata wazee wawili walioiona picha ile nyumbani kwa kina Bi Sitara. Wakaweka saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Kibali kilitoka Aprili. Jumanne iliyofuata Euphrasia alibandika jina, akanunua vitumbua, akasubiri. Bi Sitara hakutokea. Wiki iliyofuata pia hakutokea.

Alipokwenda kwao, mjukuu wa Bi Sitara, Najma, alimwambia walishamzika siku kumi nyuma.

"Hatukuwa na namba yako, mama. Kila Jumanne alikuwa anatuaga anaenda kwa baba. Sisi tukadhani ni uzee."

Euphrasia anaeleza hayo huku akikifuta kioo cha picha kwa upindo wa kanga.

Desemba anastaafu. Amepanga kutoa nakala ya picha na kupita nayo nyumba kwa nyumba, Ilala mpaka Buguruni, akiwatafutia wengine majina.

"Wamebaki kumi na mmoja," anasema. "Huyu wa mwisho kulia, ona, anacheka na ana mwanya. Mtu wa namna hii hakosi wa kumkumbuka kwao."